Nasipwondi na Shingo ya Mkwe

Alipohamia kwa ploti yetu ya nyumba za kupanga, Mama Rachael hakuwa na ruhusa ya kukanda watu, kwa hivyo alikanda chapati. Kila jioni aliketi mlangoni kwake, karai katikati ya miguu, akikanda unga wa Shiundu, mwenye kibanda cha chapati. Mimi nikitoka shule nilisimama hapo na begi mgongoni nikimtazama, kwa sababu sikuwa nimeona mtu akishika unga namna hiyo. Hakuupiga. Aliutafuta. Vidole vilizama, vikatulia mahali kama vimesikia kitu, halafu vikasukuma pole pole mpaka unga ukalegea.

"Unatafuta nini huko ndani?" nilimuuliza siku moja.

"Mgongo," akasema, akacheka. "Huu unga hauna mgongo, Tabby. Ndiyo shida yake."

Jina lake hasa ni Nasipwondi. Kwao Bungoma viazi vitamu huitwa mapwondi, na yeye alizaliwa wakati vinachimbwa. Lakini hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, tulimwita kwa jina la binti yake, Rachael, aliyeolewa huko nyumbani upande wa Kimilili. Yeye na mzee wake Khamala, fundi wa mawe, walikuwa wameishi Kibera miaka mingi, na Kibera nzima, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa imepita mikononi mwake. Wajawazito wenye migongo inayowaka, vijana wa mpira walioteguka, wabeba mizigo. Aliyepona alileta alicho nacho: sukari, omena, na Krismasi ikifika, kuku. Halafu Khamala akapata kazi ya mjengo Lavington, wakahamia huku ili awe anaenda kwa miguu.

"Nimetoka Bungoma nikaingia Nairobi, hakuna aliyeniuliza kitu," alikuwa akisema. "Nimetoka Kibera nikaingia Kawangware, naulizwa karatasi!"

Aliyemuuliza ni guka yangu, yaani babu, Waithaka, mwenye ploti.

"Mama, mimi sina ubaya na mikono yako," Guka alimwambia mbele ya watu wote wakichota maji. "Lakini unaona ile nyumba ya mwisho? Kulikuwa na jamaa anang'oa watu meno. Askari wa jiji, kanjo, wakakuja, wakashika yeye, wakafunga mlango, na mimi wakanikalisha kwa ofisi yao mpaka jioni. Leta leseni, na utakanda hata mbuzi zangu."

"Hizo mbuzi ziko na mgongo mzuri kukuliko, mzee."

Ploti ilicheka, Guka pia, huku ameshika kiuno. Lakini mimi niliona Mama Rachael alivyoirudisha mikono ndani ya leso, kama mtu anayefunga duka.

Na kweli alifunga. Apiyo, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwa na mimba kubwa na hawezi kulala. Alimbembeleza. "Kidogo tu, Mama Rachael. Nani ataona?"

"Nikianza kwa kujificha, nitajificha hapa mpaka nizeeke. Nikipata karatasi, wewe ndio wa kwanza."

Mabati hayafichi kitu. Jioni hiyo nilimsikia Apiyo akiguna upande mmoja, na upande wa pili nikamsikia Mama Rachael akiupiga unga kwa nguvu. Siku hiyo moja tu ndiyo aliupiga.

Mayuthi, vijana wanaoshinda kando ya kibanda, nao hawakumwachilia. "Tabby, sasa! Huyo mathe wenu ni wa masaji ya town?"

Mama Rachael alikuwa nyuma yangu, akasikia. "Kuja kwanza nishike hilo goti unaburuta kama ng'ombe ya kuuzwa," akamwambia aliyesema, "ndio uniambie ni ya wapi."

Wenzake walimcheka mpaka akatembea kwenda zake, na kweli alikuwa anachechemea. Hata mimi sikuwa nimewahi kuliona hilo.

Mimi ni mtu wa maswali, kila mwalimu anayenifundisha kidato cha pili atakuambia. Kwa hivyo nilimuuliza kila kitu. Nani alimfundisha? Shangazi yake, dada ya baba. Unajuaje pa kushika? Mwili unasema. Na unaanzia wapi, kichwani ama miguuni?

"Naanzia kwa ukoo," akasema. "Kabla sijamshika mtu namuuliza ni wa nani. Mikono si ya kila mtu. Mkwe hashikwi. Kijana aliyeoa kwako, na ndugu zake, na ukoo wake wote, humpi hata mkono wa salamu. Akija kwako hamkai chumba kimoja."

"Hata akiwa mgonjwa?"

"Kuna wengine wa kumshika."

"Na kama hakuna?"

"Wewe msichana, maswali yako yatakwisha lini?"

Siku ya kupimwa ili apewe leseni ilifika likizo ya Agosti, mwaka jana, tisini na sita. Aliniomba nimsindikize town, kwa sababu milango ya huko imeandikwa Kizungu. Alibeba mkebe wa mafuta ya Kimbo, na ndani yake hakukuwa na Kimbo, kulikuwa na samli kutoka nyumbani. Alikuwa ameiweka tangu Rachael aolewe. Aliufungua mara moja tu njiani, akanusa, akaufunga.

Aliyempima ni nesi mmoja mwenye nywele za mvi, Bi Wakarima. Maswali ya mdomo Mama Rachael aliyajibu yote: mtu ametapika, unamkanda? Hapana. Mguu umevimba na una moto? Hapana, nampeleka hospitali. Bi Wakarima alikuwa anaitikia kwa kichwa, ameridhika, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuiona leseni imetundikwa mlangoni.

"Haya, Isaac," akaita. "Lala."

Isaac alikuwa tarishi wa ofisi. Shingo yake ilikuwa imelala upande tangu siku aliyobebeshwa kabati kupanda ngazi, kwa hivyo kila anayepimwa alipewa shingo hiyo. Akavua shati, akalala kifudifudi kwenye benchi. Mama Rachael akapaka samli, chumba kikanukia maziwa, na mikono ikasimama juu ya ile shingo, karibu kuigusa.

"Kijana, wewe ni wa wapi?"

"Kimilili, mayi." Mayi ni mama, kwa lugha yao. Niliona uso wa Mama Rachael ukifunguka, jinsi mtu hufunguka akisikia lugha ya kwao mahali hakuitegemea.

"Wa ukoo gani?"

"Mutecho."

Mikono ikarudi. Rachael aliolewa kwa hao hao Batecho, ukoo wa Isaac.

"Endelea, mama," akasema Bi Wakarima.

"Siwezi."

"Shingo huwezi?"

"Shingo naweza. Ni yeye siwezi. Huyu ni mkwe wangu."

"Ameoa binti yako?"

"Hapana. Hata simjui. Leo ndio namuona."

Bi Wakarima akanitazama mimi, kama ningemweleza. Isaac naye alikuwa ameruka kutoka benchi. Alijifunika kifua kwa shati na kugeukia ukuta, mtu mzima, kama mtoto aliyeadhibiwa. "Pole, mayi," alikuwa akiuambia ukuta. "Pole sana. Sikujua."

"Mama, hapa hatuulizi ukoo," akasema Bi Wakarima, na hakusema kwa ubaya. "Mgonjwa ni mgonjwa. Mimi siwezi kuandika umeweza kitu ambacho hukufanya. Rudi baada ya Krismasi."

Tukarudi nyumbani. Tulipofika Gatina, karibu na kwetu, nikashindwa kuvumilia. "Si ungemgusa tu? Huko nyumbani nani angejua?"

Hakunikasirikia. Alisimama kando ya barabara, akauhamisha ule mkebe mkono wa pili.

"Rachael yuko katikati ya watu wao, Tabby. Anapikia moto wao. Nikimvunjia heshima mmoja wao hapa, ni yeye nimemvunjia. Sina nauli ya kwenda kumuona, na huko hakuna simu. Hiyo heshima ndiyo kitu ninachomtumia."

Akarudi kwa karai lake. Apiyo akajifungua bila mgongo wake kushikwa, na Mama Rachael akawa anambeba mtoto kutwa, akimpitishia vidole kwenye uti wa mgongo juu ya shali, kwa mbali, kama mtu anayesoma kitabu cha mwingine. Mtu fulani aliyetoka nyumbani alimletea habari kwamba Rachael naye ni mjamzito, mimba ya kwanza. Tangu siku hiyo nilimsikia mara nyingi akiuliza, vidole vikiwa ndani ya unga: "Na yeye nani anamkanda?" Hakuwa ananiuliza mimi.

Krismasi ikapita. Asubuhi ya kurudi town nilimuuliza, "Na wakimlaza Isaac tena?"

"Nitarudi nyumbani tena."

"Na leseni?"

"Tabby, vaa viatu twende."

Nilisukuma mlango nikiwa nimefumba jicho moja. Aliyelala kwenye benchi alikuwa mwanamke mnene, aproni yake ikiwa bado kiunoni. Ni Katunge, anayeuza chai chini kwenye geti.

"Isaac hajanipa amani tangu ile siku," akasema Bi Wakarima. "Anasema nikimlaza mbele yako tena, ataacha kazi. Ndiye amenitafutia huyu."

Nikachungulia dirishani. Isaac alikuwa nje kwenye baraza, ametupa mgongo, shingo imelala vile vile.

"Wewe ni wa wapi, dada?" Mama Rachael akaanza.

"Machakos."

"Batecho wamefika huko kuoa?"

"Wakifika nitakuambia. Shika tu, mama, huu mgongo unaniua!"

Akashika. Siwezi kueleza vizuri nilichokiona, ila nilielewa kwa nini unga ulikuwa haumtoshi. Mikono ilishuka kwenye ule mgongo kama inarudi nyumbani baada ya safari. Ilitafuta, ikatulia, ikasukuma. Katunge alisema neno la Kikamba lililomfanya Bi Wakarima acheke, halafu akanyamaza, halafu akakoroma. Leseni iligongwa muhuri huku anakoroma.

Tulipotoka, Isaac alikuwa amehamia mwisho wa baraza, mbali, macho chini.

"Mulembe, mayi," akaamkua kutoka huko.

"Mulembe." Mama Rachael naye hakumtazama usoni. "Asante kwa ulichofanya."

"Si kitu."

"Nyumbani mvua imenyesha?"

"Imenyesha. Nilienda Krismasi, nikaulizia binti yako." Akaongeza: "Rachael wetu amejifungua msichana. Wako salama."

"Msichana," akasema Mama Rachael. Kisha akauliza, "Na mgongo wake? Unamuuma?"

"Hayo siyajui, mayi. Yeye ni mke wa ndugu yangu wa ukoo, sikuuliza."

"Ndiyo. Ungeulizaje."

Baraza lilikuwa tupu katikati yao. Nikauona mkono wa Mama Rachael ukiinuka wenyewe kuelekea ile shingo, samli ingali inang'aa kwenye vidole. Ulifika usawa wa kifua. Akaushusha, akaufuta kwa leso.

"Usilalie upande wa kushoto," akamwambia. "Na uweke kitambaa cha maji moto."

"Nimesikia."

Sasa leseni iko mlangoni, ndani ya karatasi ya nailoni. Apiyo alikuwa wa kwanza, kama alivyoahidiwa, na wa pili ni Guka mwenyewe, bila mbuzi. Watu hujaa mpaka kwenye mfereji, na yule kijana wa goti huja akijifanya anasindikiza mtu. Unga wa Shiundu hukandwa na mwingine.

Jana jioni wateja walipokwisha, niliketi chini mbele yake tukila mahindi.

"Ni mshipa mmoja tu, Tabby," akasema ghafla.

"Wa nani?"

"Wa yule mkwe. Hapa." Akaweka kidole gumba nyuma ya sikio langu, akashuka nacho mpaka begani, akarudi, akatulia. "Ningeulegeza kabla chai haijachemka."

Shingo yangu haikuwa na shida yoyote. Hata hivyo kidole kilibaki pale muda mrefu, kinasukuma pole pole, naye anatazama juu ya mabati upande jua linakozama, upande wa kwao. Mahindi yangu yakapoa. Sikumwambia atoe mkono.