Suruali za Chura za Bibi Luella

Bibi yangu, Luella Natachequan, alipiga deki sakafu ya zahanati ya kijiji chetu cha kaskazini ya mbali kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka yote hiyo hakumwambia daktari yeyote kwamba nusu ya wagonjwa waliokaa kwenye yale mabenchi walikuwa wameshapitia jikoni kwake kutafuta dawa za majani. "Wakiniuliza nitawaambia," alikuwa akisema. Hawakumuuliza. Mtu mwenye ndoo utamuuliza nini?

Alistaafu akiwa na magoti mabovu, pikipiki ya magurudumu manne anayoiendesha kama vile imemtukana, na mume mwenye kisukari. Mume ndiye babu yangu Sinclair. Ana kidonda kwenye kisigino cha kushoto kisichotaka kufunga, na hospitali ya kusini imeshautazama mguu ule mara mbili kwa jicho la mtu anayechagua nyama buchani. Kila baada ya chakula cha jioni Bibi humwosha kidonda kwa maji aliyochemshia suruali ya chura.

Suruali ya chura ni mmea. Ndivyo tunavyouita. Majani yake yamefura kama vikombe, yanakinga maji ya mvua na kunasa nzi wajinga, na ukiyatazama sawasawa unaona chura angeweza kuyavaa akaenda nayo kanisani. Unaota kinamasini, taratibu mno. Kuna mmoja ambao Bibi anadai umemzidi mama yangu umri, na adabu pia.

Bibi hachimbi, anachokoa. Anatumia kijiko cha supu kilichopinda, anapiga magoti yake mabovu kwenye maji baridi, anaacha miwili anachukua wa tatu, na kila anapochukua anaweka tumbaku kidogo ya shukrani mahali palipobaki wazi, akisema maneno machache. Kisha analiziba shimo kwa mkono kama mtu anayemfunika mtoto. Kujaza mfuko mmoja mdogo kunamchukua asubuhi nzima. Nimemngoja mara nyingi kando ya barabara nikiliwa na nzi weusi, nikimwambia, "Bibi, hata barafu ina haraka kuliko wewe." Naye hujibu bila kugeuka, "Na hata barafu humaliza ilichoanza."

Jiwe hilo alinirushia mimi. Nilikwenda kusini kusoma stashahada ya mazingira, mihula sita, nikarudi baada ya mitatu nikiwa na begi la nguo chafu na ujuzi wa kujaza fomu. Ndiyo maana Mireille alipokuja kutoka chuo kikuu kutafiti mimea yetu ya kisukari, baraza la kijiji lilinipa mimi kazi ya msaidizi na mkalimani, mkataba wa misimu miwili ya kiangazi. Hapakuwa na mtu mwingine aliyejua lugha tatu na aliyekuwa hana la kufanya.

Mireille hana baya. Alijifunza kukaa kimya jikoni mwa watu, jambo ambalo huwashinda wageni wengi. Bibi akampenda. Akampeleka kwenye kinamasi chake, akamwonyesha kijito kinachokikata katikati. "Upande huu chukua kwa ajili ya maabara yako," akasema, nami nikatafsiri. "Ng'ambo ya kijito usiguse. Kule ni kwa Sinclair." Mireille akaandika, akapiga mstari chini mara mbili.

Agosti ile zilibaki siku tatu ndege ndogo ije kuchukua mizigo, na yalikuwa bado magunia mawili ya suruali ya chura. Mireille alikuwa na mahojiano kijijini, akaniachia mimi. Ni siku zilezile samaki weupe wanapopanda kwenye maporomoko, na marafiki zangu wote walikuwa kule na nyavu na vibanda vya moshi. Nikaenda siku ya kwanza kuwasalimu. Siku ya pili nikaenda kuwaaga.

Siku ya tatu nilifika kinamasini saa tano asubuhi. Ndege ilikuwa ya saa tisa. Upande wa Mireille palikuwa pamebaki mimea midogo, ya kutafuta mmojammoja. Ng'ambo ya kijito mimea ilikuwa imejaa, minene, myekundu inayong'aa, imepangana kama watu kwenye harusi. Nilikuwa na sepetu. Nilimaliza kwa dakika arobaini.

Tumbaku nilipewa na Bibi mwenyewe. Nilikuwa nimeshaivuta.

Kwenye fomu nikaandika vipimo vya upande wa huku. Palipoulizwa kama tumefuata utaratibu wa mwenyeji, nikaweka alama ya ndiyo. Mireille akanipigapiga begani pale uwanja wa ndege, akasema bila mimi angepotea.

Septemba Bibi akaniambia nimpeleke akachukue akiba ya majira ya baridi. Nikasema tairi limepungua upepo. Akalipiga teke, akasema upepo uliopo unatosha watu wawili wembamba na mmoja ni yeye. Tukaenda.

Alivuka kijito kwa kushika bega langu. Kisha akaliachia. Mashimo yalikuwa yamejaa maji meusi, na kila shimo lilikuwa na kingo zilizonyooka.

"Nani kafanya hivi?" akauliza.

"Labda dubu."

"Dubu siku hizi amenunua sepetu?"

Akainama, akaokota jani moja lililooza, akalimwaga maji yake.

"Dayton."

"Naam, Bibi."

"Yule msichana alijua?"

"Hapana. Hajui mpaka leo."

"Kwa sababu gani?"

Nilitaka kusema mambo ya ndege, ya muda, ya idadi. "Nilikwenda maporomokoni kuvua," nikasema.

"Ulipata samaki?"

"Wengi."

"Hukuniletea hata mmoja." Akalitupa lile jani shimoni. "Wakijua, kazi wanakunyang'anya?"

"Wananinyang'anya."

"Basi nyamaza. Hii ndiyo kazi ya kwanza hujaikimbia."

Nilifurahi. Naandika hili kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: nilisimama katikati ya mashimo yangu mwenyewe, bibi yangu akitetemeka kwa baridi, na kitu kilichoingia kifuani mwangu kilikuwa nafuu. Baadaye nilimuuliza Mireille kwa simu, kana kwamba napiga soga tu, mahali kama pale huchukua muda gani kujaa upya. Akasema miaka kumi na tano, pengine zaidi. Bibi ana miaka sabini na miwili.

Lakini mguu wa Babu haukungoja. Zaidi ya kinamasi cha Bibi, kingine kizuri cha karibu kiko kwenye eneo la kuwindia la akina Tomatuk, na kwetu huvuni kwenye eneo la watu bila kumwomba mwangalizi wake. Mwangalizi ni Bibi Gertie Tomatuk. Bibi Gertie na bibi yangu walikuwa hawajasemeshana kwa miaka kumi na mmoja, tangu Gertie aliposema kwenye redio ya kijiji, katikati ya mchezo wa bingo, kwamba mkate wa kukaanga wa Luella unafaa kuzibia mtumbwi.

Nilimpeleka. Alivaa kitambaa chake cha maua, cha mazishi. Gertie alifungua mlango, akamtazama juu mpaka chini.

"Luella. Nani kafa?"

"Hakuna. Nimekuja kuomba."

"Wewe?"

"Mimi."

Gertie akasogeza viti. Akaweka chai, akaweka samaki wa kukaushwa kwa moshi, kwa maana hata adui hakai mezani mikono mitupu. Nikala, maana mtu anayetafuna haulizwi maswali.

"Nataka suruali ya chura kidogo kwenye eneo lako," Bibi akasema. "Za Sinclair."

"Si una zako? Kinamasi chote kile."

"Zimekwisha."

"Zimekwishaje?"

Nilikuwa na kipande mdomoni. Bibi hakunitazama hata kidogo.

"Nilichukua nyingi mno," akasema. "Tamaa ya uzeeni."

Gertie akaacha kumimina chai. Niliona uso wake ukibadilika, na haukubadilika kwa ushindi; ingekuwa afadhali. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia mchungaji akitukana. Kwetu mvunaji anayekimaliza kinamasi chake mwenyewe ni mtu ambaye dawa imemgeuka. Watu hawamzomei. Wanaacha tu kumwita.

"Chukua," Gertie akasema polepole. "Lakini nitakwenda na wewe. Nitakuwa nahesabu."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Nikameza kipande changu, nikachukua kingine.

Majira ya baridi yale simu ya jikoni ilinyamaza. Zamani haikupita wiki bila mtu kupiga: mtoto ana kikohozi, mzee ana viungo, njoo Luella, nitumie Luella. Hakuna aliyemwambia neno baya. Kanisani walimpisha nafasi kama kawaida. Wasichana wawili aliokuwa akiwafundisha kutambua majani wakapata shughuli nyingine. Yeye akanunua mafumbo ya picha ya vipande elfu moja, akawa anayapanga mezani, na mara nyingine aliinua mkonga wa simu, akausikiliza, akaurudisha.

"Mbovu?" nilimuuliza siku moja.

"Nzima," akasema.

Babu Sinclair pekee ndiye aliyekuwa akinitazama. Hakuuliza. Alinitazama jinsi anavyotazama mtego uliofyatuka bila kitu ndani.

Juni Mireille akarudi. Akina mama wanaoshughulikia dawa walikutana naye kwenye ukumbi wa baraza, kumi na wawili hivi, na sufuria la supu ya kulungu wa kaskazini. Bibi hakuja, alisema ana vipande mia tatu vya anga. Mireille akaanza kwa kushukuru, nikatafsiri. Akasema kiangazi hiki angependa kiongozi wake awe tena Mama Luella, aliyemfundisha mengi. Nikatafsiri hilo pia. Akina mama wakaweka vijiko chini.

Bibi Gertie ndiye aliyejibu, na alijibu kwa upole, macho yake chini. "Mwambie Luella ni mtu wetu na tunampenda. Lakini asiende naye. Luella amekuwa na mkono mchafu. Alikimaliza kinamasi chake mwenyewe, amekiri kwangu."

Mireille akanigeukia kungoja. Ndiyo kazi ya mkalimani: mtu anasema, wewe unabeba upande wa pili. Nilikuwa nimebeba mambo mengi bila kufikiri, vipimo, majina ya mizizi, utani wa wazee usiotafsirika. Nikafungua mdomo. Maneno yote nilikuwa nayo, katika lugha zote tatu, na hakuna hata neno moja lililokubali kutoka.

"Kasema nini?" Mireille akauliza.

"Siwezi kutafsiri," nikasema. "Ni uongo, na ni wa kwangu."

Nikasema kwanza kwa lugha yetu, ili akina mama wasikie kabla ya mgeni: sepetu, dakika arobaini, maporomoko, tumbaku. Kisha nikamgeukia Mireille nikasema yaleyale na kuongeza ile fomu. Alifunga daftari lake. Alikuwa mweupe zaidi ya kawaida yake, na hiyo si kazi ndogo.

"Magunia yale mawili tumeshayapima," akasema. "Tumeshayaandika, Dayton."

"Najua."

"Hujui."

Gertie alikuwa bado ananitazama. "Na wewe ulikaa mezani kwangu," akasema, "ukala samaki wangu vipande vinne, bibi yako akijitia tope mbele yako."

"Vitatu."

"Vinne. Nilikuwa nahesabu."

Hakuna aliyecheka. Nilitoka bila supu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nichelewe, lakini habari hapa haiendi kwa miguu. Nilimkuta Bibi kwenye simu. Akaniinulia kidole nikae. Alikuwa akisema tu "ndiyo", na "ndiyo, Gertie", na "hapana, mkate wangu haujabadilika." Akaweka mkonga. Nilidhani atanikumbatia. Nina umri wa miaka ishirini na minne na nilidhani hivyo.

"Kazi?" akauliza.

"Imekwisha."

"Niliilipia kazi ile kwa jina langu."

"Nilikuwa nalirudisha, Bibi."

"Nani alikuambia nalitaka? Nilikuwa nimelitoa mwenyewe, kwa akili zangu. Umeingia, umelibeba, hukuniuliza." Akafagia vipande vya anga kwa kiganja vikarudi kwenye boksi, vyote, kazi ya wiki mbili. "Babu yako anataka chai."

Nikapika chai. Hatukusemeshana siku nne.

Julai wakamchukua Bibi awe kiongozi wao. Mireille alikuja mwenyewe kuomba, na Bibi Gertie akaja naye kuhakikisha anaomba vizuri. Wameweka kambi juu mtoni kwa siku kumi, vibibi viwili na mtafiti mmoja, na msaidizi wao mpya ni binamu yangu Shaylene, aliyemaliza stashahada yake. Mireille ameyafuta magunia yangu kwenye hesabu zake zote. Nasikia ilibidi aandike barua ya kueleza, na kwamba hakulitaja jina langu. Sijui nimshukuru vipi, bado sijajaribu.

Mimi nimeachiwa mguu. Bibi alinionyesha mara moja: majani haya, maji kiasi hiki, ngoja yapoe mpaka kiwiko kisiogope. Kila baada ya chakula napiga magoti mbele ya kiti cha Babu na beseni.

"Ya moto," Babu anasema.

"Bibi kasema hivihivi."

"Bibi yako hakusema unichemshe."

Naongeza maji baridi. Anauingiza mguu, anafumba macho.

"Majani ya wapi haya?"

"Ya Gertie."

"Matamu," anasema, kana kwamba kisigino kina ulimi.

Kisha nakitazama kidonda. Jana niliona kama kimeanza kujifunga pembeni, nikaleta rula kutoka chumbani. Babu akauliza rula ya nini. Nikamwambia geuza mguu, Babu, kidogo tu, kwenye mwanga.