Saksafoni ya Shangazi

Mwezi uliopita nilishuka stendi ya Shinyanga, nikachukua bajaji kwenda Kambarage. Nilitaka tu kuiona nyumba ya bibi kabla mwenye nyumba mpya hajaibomoa. Hatujafika mbali, redio ya dereva ikapiga wimbo wa dansi wa zamani. Saksafoni ilipoingia, nikajikuta nimesema kwa sauti, "Siye huyo."

"Siye nani, mama?" dereva akauliza.

Nikamwambia aendeshe tu, rafiki yangu. Njia ilikuwa fupi na habari yenyewe ndefu. Acha nikusimulie wewe.

Nililelewa na bibi mzaa baba. Humo humo aliishi shangazi, kitinda mimba wake, ambaye hakuwa ameolewa. Siku za kazi shangazi alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba. Jumamosi alipuliza saksafoni katika bendi ya jazi ya kiwanda hicho, mwanamke peke yake kati ya wanaume tisa. Alianzia tarumbeta kanisani. Saksafoni alifundishwa na kiongozi wa bendi, mzee mpole wa Tabora, aliyeapa kwamba hajapata kuona pumzi kama ile. Watu walipanda treni kutoka Isaka kuja kumsikiliza.

Mazoezi alifanyia uani, alasiri, akitoka kazini. Kazi yangu mimi ilikuwa kukata viazi vitamu vilivyochemshwa tuvianike viwe matobolwa. Vidole vinanata, nzi wanasumbua, upepo unaleta nyuzi za pamba na harufu ya mbegu zilizokamuliwa, na shangazi amesimama pekupeku kando ya pipa la maji, macho kayafumba. Kulikuwa na wimbo mmoja aliotunga mwenyewe. Mwishoni saksafoni ilipanda, ikapanda, halafu badala ya kumalizia huko juu ikashuka taratibu, kama mtu anayetua ndoo kichwani asimwage maji.

Bibi hakutaka kabisa. Saksafoni ikianza tu, aliingia chumbani na kufunga mlango. "Mdomo wa mwanamke una kazi nyingi," alisema, "kupuliza shaba baa si mojawapo." Hakwenda hata siku moja kumtazama bintiye akipiga. Shangazi alimchotea maji, akampikia, akaendelea kupuliza.

Kisha bendi ikaitwa Dar es Salaam kurekodi redioni, na wimbo wa kwanza ungekuwa ule wa shangazi. Jirani yetu, mke wa fundi wa reli, akamshonea gauni la kijani. Zikiwa zimebaki siku mbili wasafiri, bibi akaanguka jikoni akisonga ugali. Upande mzima wa kulia ukapooza. Baba alikuwa kazini Mwanza, mimi nina miaka tisa. Wa kumgeuza na kumwogesha alikuwa mmoja tu.

Kiongozi wa bendi alikuja, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Binti yangu, tusipokwenda sasa nafasi wanapewa wengine."

"Nendeni," shangazi akasema. "Mpiga klarineti ataweza. Mwambie aje leo, nimfundishe."

Akaja. Nilikaa kizingitini nikimsikiliza shangazi akimkabidhi mtu wimbo wake, kipande kwa kipande. Hata saksafoni akamwazima asafiri nayo.

Walirudi, saksafoni ikarudi, ikakaa chini ya kitanda. Miezi ikapita. Alasiri moja, shangazi akimlisha bibi uji, wimbo ukatoka redioni. Mtangazaji akataja wanabendi wote. Jina la shangazi halikuwemo. Kijiko kikaganda hewani. Saksafoni ikapanda, ikapanda, ikamalizia juu kabisa kwa mbwembwe.

Bibi, ambaye ulimi wake ulikuwa bado mzito, akatikisa kichwa.

"Siyo... hivyo. Wewe hapo... unashuka."

Shangazi akaweka bakuli chini. Alimwita kwa Kisukuma, kama alivyomwita alipokuwa mdogo. "Mayu, kumbe ulikuwa unasikiliza?"

"Nipulizie."

Nikaivuta saksafoni kutoka uvunguni. Shangazi akapuliza pale pale kando ya kitanda, mlango wazi, majirani wakasimama uani na makarai yao. Bibi alilia, na kwa kuwa mkono wa kulia haukuinuka na wa kushoto ulishika gauni la shangazi, mimi ndiye niliyemfuta machozi.

Aliishi miaka miwili zaidi, na kila alasiri alidai apuliziwe. Alipofariki, bendi nayo ilikuwa inakufa, maana kiwanda kilikuwa kimefungwa. Shangazi akafuata dhahabu kama wengine, akapanga chumba Kalangalala, Geita. Jioni za Jumamosi aliwapigia wachimbaji waliotoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na vumbi kwenye nyusi. Kifua kikaanza kumbana, daktari akamkataza, akahamia kuuza vitenge. Nilipomtembelea mara ya mwisho nilimuuliza kama anajutia kutokwenda Dar.

"Najutia," akasema. "Kumuuguza mama sijutii hata kidogo. Lakini kule nako najutia, mwanangu. Usiwaambie watu ati nilisahau."

Sasa hayupo. Wanabendi wamekwisha mmoja mmoja. Wale wachimbaji wake wamehamia machimbo mengine, au wamerudi kwao. Uani kwa bibi, mwenye nyumba mpya amemwaga zege. Binti yangu, aliyezaliwa simu zikiwa zimeshaenea, nilipomsimulia hakuamini kwamba mtu anaweza kupiga muziki miaka yote ile usibaki hata mkanda wake mmoja. Alitafuta jioni nzima. Kisha akaiweka simu mezani, akaniuliza taratibu:

"Alikuwa anapigaje, mama?"

Nilifungua mdomo nimwigizie. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya shangazi, basi nikainua mikono kichwani, nikaishusha taratibu, kama mtu anayetua ndoo asimwage maji.