Hema Nililolifumua

Binti yangu na wenzake wa chuo walipanga kwenda kutembea na kulala siku tatu kwenye hifadhi ya jangwani. Mimi ni fundi cherehani, wakaniletea hema niwakazie mshono mmoja. Nikawaza nyoka, nikawaza kiu, nikaingiwa na hofu. Nikaufumua mshono wote kwa wembe, na walipokuja kulichukua nikawaambia uzi umeoza, waahirishe safari.

Binti akaokota uzi sakafuni. “Mama, uzi uliooza hukatika ovyo. Huu umekatwa na wembe. Si wewe uliyenifundisha?”

“Huko jangwani kuna nyoka,” nikajitetea.

“Mama fundi, hao nyoka watamkimbia huyu binti yako kwa kelele zake,” mwenzake akatania. Hakuna aliyecheka.

“Ungesema tu unaogopa,” binti akaniambia.

Sikuweza kumtazama. Nikavuta kiti, nikaushona mshono upya mbele yao wote.