Viti vya Nyuma vya Pikapu

Juzi nilikuwa kwa fundi wa kuchomelea pale Kiirua, nikingoja geti langu. Mzee mmoja alitaka pikapu yake ifungwe ndoano ya kuvutia trela ya viazi, ikae katikati ya sehemu ya mzigo, kama ya malori. Fundi akapima kwa viganja, akatikisa kichwa.

"Mzee, hapa ni fupi sana. Ukikata kona, trela itagonga kabini. Tufunge chini ya bampa, uvute trela ndogo. Mbona ulinunua ya viti vya nyuma na wewe ni mtu wa viazi?"

"Ni ya watoto."

"Wako wapi?"

"Mmoja Qatar, wawili Nairobi." Akapangusa kioo kwa mkono wa sweta. "Funga hiyo ya chini."

Geti langu halikuwa tayari, basi baadaye mzee akanipa lifti kwenda Meru. Nikafungua mlango wa nyuma. Viti vilikuwa bado na nailoni ya dukani, haina hata mkunjo.

"Kaa mbele," akasema. "Huko ni kwa watoto."

Nikakaa mbele. Mama yangu yuko Runyenjes, peke yake. Sijathubutu kumuuliza kama kitanda changu bado kimetandikwa.