"Sikuuliza Baba": Mfuga Nyoka wa Galbet na Rangi Iliyompotea

Jua halijachomoza sawasawa mtaani Galbet, mjini Garissa, na Abdille Maow amekwisha kuchuchumaa mbele ya beseni la plastiki, kikombe cha chai kikimpoa mkononi. Majirani ndio kwanza wanarudi kutoka msikitini. Yeye aliswali na kuondoka mbio, anakiri mwenyewe, kwa sababu ndani ya beseni hilo yumo nyoka jike mwenye mimba, na tangu jana amekataa kula na amekataa kujifukia mchangani.

"Leo atazaa," anasema bila kuondoa macho. "Ikitoka ile rangi, bado iko kwa nyumba yangu. Ikikosa, basi nimeipoteza mimi mwenyewe, na mkono yangu."

Abdille, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni mmoja wa watu wachache sana katika ukanda huu ambao unga wao unatokana na nyoka. Hafugi wenye sumu. Wake ni yule nyoka wa mchangani, mfupi, mnene kama mpini wa jembe, mwenye mkia butu kiasi kwamba nusu ya mji huapa kuwa ana vichwa viwili. Ukimwacha atajifukia, abakishe macho juu, na hapo atakaa kutwa nzima akisubiri panya mjinga apite.

Rangi yake ya kawaida ni ya chungwa yenye mabaka ya kahawia. Lakini mara moja moja huzaliwa mmoja aliyekosa weusi, au aliyekosa wekundu, na hapo ndipo biashara ilipo. Ng'ambo wapo watu wanaofuga nyoka sebuleni kama wengine wafugavyo paka, na wanacholipia ni rangi. Nyoka wa kawaida, Abdille humuuza kwa dalali shilingi elfu mbili. Mwenye rangi adimu huweza kulisha nyumba yake mwezi mzima.

Kazi yenyewe ni ya macho na subira. Nyoka mchanga huoshwa mchanga, kisha hutazamwa mlangoni kwa mwanga wa asubuhi, kamwe si chini ya balbu, maana balbu humfanya kila nyoka awe wa dhahabu. Hutazamwa tumbo, halafu macho. Rangi nyingi hungoja hadi ajivue gamba la kwanza ndipo zisemwe, na muuzaji mwenye pupa huaibika hapo. Abdille amewahi kuaibika, na huisimulia habari hiyo akicheka.

Ile nyingine haimchekeshi.

Kabla ya nyoka alikuwa dereva wa boza la maji, akipeleka maji Bura na vijiji vya Fafi nyakati za ukame. Huko alikutana na wataalamu waliokuwa wakihesabu nyoka, wakamlipa achimbe mchanga wa laga, yaani mto mkavu, na wakamfundisha kumshika nyoka huyu bila kuogopa. Boza lilipouzwa na mwenye mali, Abdille akaomba kibali cha kufuga. Kibali kilichukua muda mrefu kuliko uvumilivu wa mkewe, Nimo, lakini kilitoka.

Nimo alikubali kwa sharti moja: ukuta ujengwe kati ya jiko na chumba cha nyoka. "Wageni wakija tunasema hapo ni stoo," anasema, akimwongezea mumewe chai ambayo haitanywewa. "Siku moja mgeni aliomba kiti kutoka stoo. Tangu hiyo siku hajarudi."

Mashekhe nao walitofautiana. Mmoja alimwambia aachane kabisa na mali hiyo. Mwingine alimuuliza kama mnyama huyu anadhuru, akajibiwa hapana, akanyamaza. Abdille aliuchukua ukimya huo kama ruhusa, na mpaka leo hana hakika alifanya vyema.

Miaka mitano iliyopita, mchunga ngamia wa Bura aitwaye Abdiwahab alimpigia simu kuwa ameona kwenye laga nyoka asiyefanana na nyoka. Abdille alikwenda akiwa na sukari na majani ya chai ya kumshukuru. Ndani ya kibuyu kilichozibwa kwa kitambaa alikuwamo jike mkubwa mweupe mwenye mabaka meusi, bila hata tone la wekundu. Alikuwa na rangi ya kondoo wetu, wale wa mwili mweupe na kichwa cheusi.

"Nilisema kwa moyo yangu, Abdille, umetoka kwa shida," anakumbuka.

Alimpeleka nyumbani na kumpandisha kwa dume lake bora. Na hapa ndipo mtu anapaswa kujua jinsi Abdille alivyowapanga nyoka wake, kwa sababu kosa lote limelala hapo.

Mtoto wa Kisomali hukaririshwa abtirsi, yaani majina ya baba, babu, baba wa babu, kurudi nyuma hadi shina la ukoo. Abdille huyataja ya kwake hadi wa kumi na tano bila kuvuta pumzi. Alipoanza kufuga, alifanya vile alivyojua. Madume yake matatu aliyapa majina ya utani: Dheere, mrefu, Gaabow, mfupi, na Lugey, mwenye mguu mbovu, jina alilopewa nyoka asiye na mguu hata mmoja. Kila dume lilikuwa na rafu yake, na kila mtoto aliyezaliwa aliwekwa kwenye rafu ya baba. Mnunuzi akiuliza, alitajiwa kwamba huyu ni wa Dheere, wa fulani, wa fulani.

Majike hayakuwa na majina. Palikuwa na "ile kubwa", "ile ya mlangoni" na, tangu safari ya Bura, "ile nyeupe".

"Mimi ni mtu ya mjini," anajitetea, ingawa hakuna aliyemshtaki. "Ngamia naona sokoni tu. Nilijua mtu anahesabiwa kwa baba. Nikafikiria hata nyoka ni hivyo."

Mwaka uliofuata majike matatu yalizaa kwa Dheere ndani ya juma moja, nyeupe akiwa mmojawapo. Watoto wote, wa mama wote watatu, walitoka rangi ya chungwa. Abdille aliwageuza mmoja mmoja mlangoni, akawarudia wote. Kisha akawamimina wote kwenye rafu ya Dheere, tayari kwa kuuzwa.

Mama yake, Ugbad, alikuwa akiishi chumba cha nyuma cha boma hilo. Alikuwa amechunga ngamia ujanani huko Fafi, na kwake nyoka alikuwa wa kupigwa kichwani, mazungumzo yakaisha. Alipita uani ameshika pindo la shuka lake kama anayevuka tope. Lakini siku ile alisimama mlangoni pa chumba alichokichukia, akawatazama wale watoto, akauliza mama yao ni nani.

"Nikamwambia, Hooyo, baba yao ni Dheere," anasema Abdille; hooyo ni mama kwa Kisomali. "Akasema, 'Sikuuliza baba.'"

Abdille alicheka. Aliona ni ujinga wa mtu mzima asiyejua biashara. Jioni yake aliisimulia barazani kama kichekesho, na wenzake wakacheka pia.

Dalali wake, Hamse, kijana wa Eastleigh jijini Nairobi, alipiga simu majuma machache baadaye, wakati karibu nyoka wote wa rafu ile wamekwisha kusafirishwa kwake. Aliulizia watoto wa ile nyeupe. Abdille alimjibu kuwa walitoka wa kawaida tu, hakuna cha maana.

"Adeer, rangi iko ndani, imejificha," Hamse akamwambia, akimwita ami kwa heshima. "Hao ndio wa kuweka. Ni gani na gani?"

Rangi ile, alimweleza, haijitokezi mpaka itoke pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Dheere hakuwa nayo, kwa hiyo watoto wa nyeupe waliibeba bila kuionyesha. Wangekuzwa na kupandishwa wao kwa wao, wajukuu wangeanza kuzaliwa na rangi ya kondoo. Hata wangeuzwa vilevile walivyo, wanunuzi wangelipa mara nne kwa sababu tu mama yao anajulikana.

Lakini mama yao hakujulikana. Walikuwa wamechanganyika na ndugu zao wa baba, wote chungwa, wote wa Dheere, wengi wao wakiwa tayari wameuzwa kwa bei ya kawaida kwa huyo huyo Hamse, naye keshawapitisha mbele. Hakuna jicho duniani la kuwatenganisha. Katika rafu walikuwa wamebaki watano, majike matatu na madume mawili, na labda hata mmoja hakuwa wa nyeupe.

Alikimbilia kwa nyeupe mwenyewe, ampandishe tena. Joto la Machi lilikuwa limemtangulia. Alimkuta amelala juu ya mchanga badala ya ndani yake, amekufa.

Siku hiyo Abdille alikwenda kuketi chumba cha nyuma. Ugbad hakumcheka wala hakumkumbusha. Alimwambia tu kuwa kwao kila ngamia jike aliitwa kwa mama yake, na mtoto yeyote wa boma aliweza kutaja mama watano kurudi nyuma, kwa kuwa maziwa, ustahimilivu wa kiu na rangi vilifuatwa huko. Dume lilikuwa la kuazimwa. Akaanza kumtajia ngamia wa mama yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na kutoka hapo akaingia kwenye habari za mama zake yeye, wanawake waliowakamua. Simu ya Abdille ikalia. Akatoka nje kuipokea, akasema atarudi.

"Sikurudi," anasema. "Nilikuwa na haraka ya nyoka."

Ugbad alifariki mwaka jana, siku chache baada ya Idi. Abdille anasema pesa iliyopotea ilimuuma msimu mmoja, ikapoa. Hili la pili halijapoa, na haoni dalili.

Wale watano aliwakuza. Kwa nyoka hawa jike huchukua takriban miaka mitatu kupevuka, na Abdille alingoja, huku akibeba mizigo sokoni kuziba pengo. Jike la kwanza lilizaa mwaka jana: chungwa tupu. La pili halikushika mimba. La tatu, ambalo kwa mazoea analiita bado "ile ya kona", ndilo hili lililo kwenye beseni asubuhi hii. Madume ni mawili na hajui lipi ni la nyeupe, kwa hiyo amelipandisha kwa yote, akimwachia Mungu.

Jua linapogusa ukuta, jike linajikunja. Nyoka huyu hatagi, huzaa, na mtoto wa kwanza anateleza nje ndani ya utando mwembamba anaoupasua mwenyewe. Ni wa chungwa. Wa pili chungwa. Nimo amesimama upande wake wa ukuta, mlangoni, shingo tu ndiyo imeingia. Wa tatu, wa nne, wote chungwa. Abdille anaweka kikombe chini.

Anayefuata anakawia. Anapotoka, Abdille hamgusi kwanza. Kisha anamnyanyua kwa vidole viwili, anamwosha, na kumpeleka mlangoni penye mwanga. Ni mweupe mwenye mabaka meusi, mdogo kama kidole cha mtoto. Rangi nyingine hungoja gamba. Hii haingoji. Anautazama mkia, ni mfupi: jike.

"Hooyo," anaita, uso wake umegeuka kuelekea chumba cha nyuma.

Mlango wa chumba hicho una kufuli. Nimo anainamisha macho. Nyoka akimzunguka kidole, Abdille anajibu swali aliloulizwa miaka minne iliyopita, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na aliye karibu.

"Mama yake ni ile ya kona," anasema. "Na mama ya mama yake ni ile nyeupe ya Bura."

Mpaka leo asubuhi hakuwa akijua hilo la pili. Mjukuu ndiye aliyemtambulisha bibi.

Hamse, alipotumiwa picha, amepiga simu mara mbili. Bei anayotaja ingelipa karo ya Siham, binti yao mkubwa, ya muhula mzima. Abdille amemwambia jike halitoki. Madume yatauzwa, majike yatabaki, na kuanzia leo kila beseni litakaa kwenye rafu ya mama.

Kisha anaketi kizingitini na kujaribu majina yake mwenyewe ya upande wa mama. Yeye ni wa Ugbad. Ugbad ni wa Ruweyda. Ruweyda ni wa... Anarudi mwanzo, anajaribu tena, anakwama pale pale.

"Kwa baba nakupa kumi na tano," anasema. "Kwa mama ninao wawili. Hii nyoka imezaliwa sasa hivi, na mimi na yeye tuko sawa."

Amebaki mtu mmoja wa kumuuliza. Habaryar Khadro, mdogo wake Ugbad, aliolewa ng'ambo ya mpaka, vita vikamrudisha akiwa mkimbizi, na hadi leo anaishi kambi ya Dagahaley, Dadaab. Abdille atakwenda Alhamisi, akishawalisha nyoka. Wanaomtunza wamemwambia kwenye simu kuwa siku hizi kumbukumbu ya bibi huyo huja na kuondoka: juzi alitaja ngamia wote wa kwao kwa majina, jana hakumtambua mwanawe.

Nimo anamwambia asingoje Alhamisi. Abdille anamtazama yule mdogo wa rangi ya kondoo, ambaye tayari ameanza kujifukia, kisha anaupapasa mfuko wa shati kutafuta simu, aulizie gari la leo la Dadaab.

"Nyoka nilichelewa, lakini imerudi," anasema. "Habaryar nikimchelewa, hayo majina hayana mjukuu wa kunionyesha."