Garsen 1998: nilivyokuwa mkalimani wa wazee wawili wa vyama hasimu

Wakuu, amani iwe kwenu.

Naona humu watu wanavuana nguo kwa sababu ya vyama, nikasema leo nitoe hii. Picha sina, ila niliona kwa macho yangu.

Mwaka ni 1998. Uchaguzi umepita, chuki haijapita. Mimi nauza chai na mahamri pale Garsen, kando ya Mto Tana. Baba yangu Mpokomo, mama yangu Muorma, kwa hiyo lugha zote mbili ni zangu.

Kijijini kwetu, nje kidogo ya mji, wakulima, yaani Wapokomo, walikuwa upinzani, kampeni yao ikiongozwa na Mzee Komora. Wafugaji, yaani Waorma, walikuwa chama tawala, wakiongozwa na Mzee Guyo. Hawa wawili walikuwa wakialikana harusi. Baada ya kura, hata salamu hakuna.

Sasa, El Niño ilikuwa imezoa mashamba yote. Maji yalipopungua, wakulima wakapanda upya, hadi katikati ya malka, ile njia ya ng'ombe kushuka mtoni. Wafugaji walipolalamika wakajibiwa:

"Pelekeni ng'ombe kwa mliyempa kura, awanyweshe yeye!"

Wafugaji nao wakaacha kuleta maziwa. Mahindi ndiyo kwanza yanachipua, watoto wanakonda. Huku ng'ombe wanalia kwa kiu hadi usingizi hauji. Vijana wa pande zote wakaanza kunoa vitu. Mnanielewa.

Waliostuka ni akina mama. Mama yangu na shangazi zangu walikwenda pamoja kwa wazee wote wawili na hawakuondoka mpaka wakakubali kukutana. Lakini kwa sharti: kila mzee atasema lugha yake, na mimi nitafsiri.

Wakuu, hebu fikirieni! Neno moja likienda upande, watu wanazikwa.

Tukakaa kwenye darasa la shule ya msingi, wazee wa watu wamebanwa na madawati ya watoto (nilijikaza nisicheke).

Mzee Komora akaanza kwa Kipokomo: "Mwambie huyu, mahindi yangu hayana kadi ya chama. Ng'ombe wake wanayatafuna tu."

Sijafungua mdomo, namwona Mzee Guyo anabana kicheko. Alishaelewa! Nikatafsiri hivyo hivyo, kazi ni kazi.

Naye kwa Kiorma: "Mwambie, ng'ombe wangu hawakupiga kura. Mbona wao ndio wanaadhibiwa?"

Komora akaguna kabla sijaanza. Kumbe kila mmoja anaijua lugha ya mwenzake vizuri kabisa, mimi nipo kulinda heshima zao!

Kisha Mzee Komora akasema polepole, "Mjukuu wangu hana nguvu hata ya kulia. Mama yake maziwa yamekauka."

Mzee Guyo hakunisubiri. Akamgeukia kwa Kipokomo safi: "Yule mtoto wa Hawayu?"

"Huyo huyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na wewe hunisalimii?"

 Nikakaa chini. Kazi yangu imekwisha!

Msidhani walikumbatiana. Walifokeana hadi adhuhuri, diwani akatajwa, kura zikatajwa. Ila kila wakipotea, mama yangu anauliza, "Na maji? Na maziwa?" Wanarudi.

Wakakubaliana: malka ifunguliwe, vijana wa wafugaji wajenge ua wa miiba pande zote mbili, na aliyeng'olewa mahindi ya kwenye malka apelekewe maziwa mpaka msimu wa mavuno. Maziwa ya Hawayu yalifika jioni ile ile.

Siku ng'ombe waliposhuka mtoni, wakuu, nilifunga biashara! Vumbi, vigelegele, vijana wale wale waliokuwa wakinoa sasa wanashindana kushika ua usianguke. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Na hakuna aliyehama chama. Uchaguzi uliofuata walipigana kampeni kama kawaida, na malka ikabaki wazi.

Nilichojifunza: usimwombe mtu aache siasa yake. Muulize mtoto wake amekula nini, mwambie na wa kwako amekula nini, halafu bishaneni mpaka mpate njia.

Haya, kwenu ikoje? Kuna aliyewahi kukaa na mtu wa chama kingine mkatatua jambo la maana? Tiririkeni hapa, nawasoma wote, hata mtakaonipinga.