Tandiko Kwenye Mkono wa Kochi

Wiki ya tatu tangu Baba aje kututembelea Toronto, aliingiza tandiko la farasi kwenye lifti ya jengo letu pale St. James Town, akalipandisha hadi ghorofa ya kumi na nane. Kuna mtu alikuwa anahama, akaliacha kando ya barabara pamoja na taa mbovu na viti viwili, kila kitu bure. Nilirudi kutoka zamu ya hospitali nikakuta ameliweka juu ya mkono wa kochi, naye amelipanda, mguu huku na mguu huku, kofia yake pana kichwani, anatazama taarifa ya habari.

"Baba, hiyo ni nini?"

"Tandiko, mum." Huniita mum kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Na upunguze sauti, wako kwa hali ya hewa."

"Lakini hatuna farasi."

"Kwani nimesema tuna farasi?"

Nilivua viatu nikaenda kulala.

Kuanzia siku hiyo tuliishi na tandiko. Lile la ngozi nzito, la wachunga ng'ombe wa Marekani, kubwa kama kiti cha chifu, lenye kigingi mbele na vikuku viwili vipana vya kuwekea miguu. Mshipi wake wa kupita chini ya tumbo la farasi ulikuwa umelala kwenye zulia, na mimi nilijikwaa juu yake mara mbili nikielekea kazini. Alilipaka mafuta yangu ya mwili, yale ya bei, mpaka kopo likaisha. Binti yangu, ambaye anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, alimwomba babu yake asogeze farasi kidogo kwa sababu haoni televisheni. Baba akasogea. Kochi ndilo halikusogea.

Sijui kama ni lazima nieleze mambo ya Baba na wachunga ng'ombe. Mtu aliyekulia Nyandarua ataelewa. Kwetu nyimbo za gitaa za Wamarekani wenye kofia huchezwa baa, harusini na hata kwenye simu ya mwalimu mkuu, na hakuna anayeona ajabu. Lakini Baba alikuwa na sababu yake mwenyewe. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya saisi kwenye shamba la Mzungu, Laikipia. Saisi ni mtu wa farasi. Anamsugua, anamlisha, anamvisha tandiko na hatamu, kisha anamshika kichwa atulie ili bwana apande. Baba alifanya hivyo miaka tisa. Sheria ya pale ilikuwa kwamba saisi hapandi. Na yeye hakupanda hata siku moja, hata pale bwana alipokwenda Nairobi wiki nzima na farasi wakabaki wamesimama tu, kwa sababu Baba ni mtu ambaye akiambiwa usifanye, hafanyi, halafu anakasirika miaka hamsini.

"Lile tandiko la Laikipia lilikuwa dogo, bapa," alituambia jioni moja akiwa juu ya kochi. "Lilikuwa la mtu wa kwenda kutazama wengine wakifanya kazi. Hili ni la mtu mwenye kazi." Akagonga kigingi. Akaeleza kwamba Wahispania ndio walioleta farasi Meksiko, na wachungaji wa huko, watu wa kushinda juu ya farasi kutwa nzima nyuma ya ng'ombe, wakalibadilisha tandiko lifae. Ukishamnasa fahali kwa kamba, unaizungusha hapo kwenye kigingi na farasi ndiye anayevutana naye, si wewe. Wamarekani walijifunza kwao, kuanzia kamba mpaka kofia. Na wengi katika wale wachunga ng'ombe walikuwa watu weusi. Hilo alilirudia kwa binti yangu mara tatu, kisha akamwuliza amesikia nini. Binti akajibu kwa Kiingereza, na lilikuwa jibu sahihi.

Jioni hiyohiyo, huku macho yake yako kwenye ramani ya theluji, alisema kile alichokuwa akikizunguka tangu afike. Akirudi nyumbani anafanyiwa upasuaji wa nyonga. Tiketi yake ilikuwa ya Jumanne ya pili kutoka siku hiyo. Na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba baada ya hapo hakuna tena kupanua miguu juu ya kitu chochote.

"Nataka nipande farasi mara moja," alisema. "Moja tu, mum. Halafu wanikate."

Niliona aibu. Wiki mbili nzima nilikuwa nimemgombeza juu ya kochi.

Nilipata zizi moja kaskazini ya mji linalokodisha farasi kwa saa. Nilikusudia kumpeleka kimyakimya. Kosa langu ni kwamba nilimwambia mama mmoja kanisani. Sisi hatuwezi kuacha jambo litokee bila kamati. Kufikia katikati ya wiki kulikuwa na mwenyekiti, katibu, watu wa chakula, na kundi la WhatsApp lenye picha ya farasi ambaye si huyo wetu. Mimi, binti wa mwenye shughuli, niliingizwa kwenye kundi siku ya tatu.

Farasi alikuwa wetu kuanzia saa nane hadi saa tisa. Tulikubaliana kukutana mtaa wa Mount Dennis saa sita tuondoke pamoja. Tulifika zizini saa nane na dakika kumi, na hapo nilimshukuru Mungu, maana kwa mahesabu yetu hiyo ni mapema.

Mwenye zizi, mama wa Kizungu wa miaka kama sitini mwenye kofia pana kushinda ya Baba, alikuwa amesimama na farasi wa rangi ya kahawia. Alitazama watu ishirini na watatu wakishuka magarini na masufuria ya pilau, chupa za chai na spika ya magurudumu. Akaniuliza kama ni harusi. Nikamwambia hapana, ni baba yangu anataka kupanda farasi.

Programu ilikuwa imechapishwa. Maombi ya kufungua, kutoka kwa mchungaji wa kanisa letu. Utambulisho, kila mtu jina, kwao ni wapi, na alikuja Canada lini. Neno kutoka kwa akina mama. Neno kutoka kwa vijana, waliowakilishwa na bwana mmoja mwenye upara. Zawadi ya blanketi, na shukrani za blanketi. Kisha chai, kwa sababu huwezi kumpandisha mzee farasi na njaa. Farasi alisinzia.

Baba hakuwa anasikiliza. Alikuwa amesimama kando ya yule farasi, kiganja shingoni mwake. Kisha aliinama, akapitisha kidole kati ya mshipi na tumbo, akatikisa kichwa. Aliufungua, akainua tandiko, akalainisha manyoya yaliyokuwa yamekunjamana chini yake, akafunga upya. Mwenye zizi alipiga hatua moja amzuie, halafu akaacha. Aliniuliza mzee huyu alifanyia wapi kazi hii. Nikamweleza, pamoja na ile sheria.

Saa tisa kasorobo nilimnong'oneza mwenyekiti kwamba farasi amekodiwa kwa saa.

"Dada, tulia," alisema. "Tuko kwa item ya tano."

Mimi ni nesi. Nimenyamazisha wodi nzima bila kipaza sauti, na siku hiyo nilikuwa nacho, maana nilimpokonya. Nikatangaza kwamba item zote zimeahirishwa na mzee anapanda sasa hivi. Wengine walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya programu.

Tulimpandisha wawili, mimi na nesi mwenzangu mmoja wa kanisani, kupitia ngazi ya mbao. Nyonga ilimwuma nikasikia. Kisha akakaa, akanyoosha mgongo, akawa mrefu kutushinda sote. Mwenye zizi akashika kamba iliyofungwa kwenye hatamu ili amwongoze.

Baba aliitazama ile kamba. Akikasirika, Kiingereza humkimbia. "Mum, mwambie aachie."

Nikamwambia. Akasema anasikitika, bima hairuhusu, mgeni lazima avutwe.

"Mwambie mimi nimevuta watoto wa bwana hivihivi miaka tisa. Sikuja Canada kuvutwa."

Dakika sita zilikuwa zimebaki. Nilikuwa naona machozi yanakuja, yangu, si yake, mchungaji alipopaza sauti.

"Kabla mzee hajaondoka, tumkabidhi kwa Bwana. Tushikane mikono."

Ningemrukia. Lakini niliona mwenye zizi akivua kofia, kama wafanyavyo watu wake kwenye maombi, akaibana kifuani kwa mkono mmoja. Mama wa pilau aliyekuwa karibu naye akaudaka ule mwingine. Kamba akailaza shingoni mwa farasi. Kila mtu akafumba macho.

Mimi sikufumba. Mchungaji alianzia kwenye uumbaji, kama kawaida yake. Baba alikusanya hatamu kwa mkono mmoja, akapiga ulimi taratibu, na farasi akaondoka. Hakuna aliyesikia. Yeye na farasi walifuata ua, hatua kwa hatua, wakielekea kona ya mbali.

"Ni hayo machache tunaomba," mchungaji alisema. Baba alikuwa hajafika hata nusu.

"Na wagonjwa, mchungaji," nikasema kwa nguvu.

"Ndiyo, Bwana, tunawaleta wagonjwa."

Nikaongeza wanaongoja makaratasi ya uhamiaji. Nikaongeza wanafunzi, na serikali zote mbili, ya huku na ya nyumbani. Kule mbali Baba alimgusa farasi kwa visigino, farasi akaanza kukimbia kidogo, na Baba akawa anarukaruka juu ya tandiko na nyonga yake mbovu, mkono mmoja umeachwa huru pajani. Alinipa mgongo. Hakuwa na haraka ya kugeuka.

"Ni hayo machache," mchungaji akarudia.

"Na wanaosafiri," nikasema, kwa sababu Jumanne ya tiketi ilikuwa imebaki siku tatu. Mchungaji akavuta pumzi, akaanza na marubani.